Kabla Hujaitisha Harambee

Daktari amesema upasuaji, ofisi ya malipo imeandika kiasi, na kikao cha kwanza cha familia kimeishia kwa mtu mmoja kusema, "Basi tuitishe harambee." Kuanzia hapo wengi hukimbilia simu. Usiku huohuo kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, watu mia mbili wanaingizwa bila kuulizwa, picha ya mgonjwa mwenye mipira puani inatumwa, na chini yake nambari ya simu ya binamu asiyejulikana na wengi. Siku chache zikipita, kikundi kina maombi tele na pesa kidogo. Wachoyo hawakosekani, lakini wengi walionyamaza wanasubiri kuambiwa mambo matatu: kinatakiwa kiasi gani, kinatakiwa lini, na nani anayezishika hizo pesa.

Mwongozo huu ni wa yule atakayeachiwa kazi ya kuchangisha bili ya hospitali nchini Kenya. Mengi yatamfaa pia anayechangisha karo au paa la kanisa, na msomaji wa Tanzania ataiona humu kamati ya harusi aliyoizoea. Ninaloshikilia ni moja: harambee husimama au kuanguka katika hesabu zake, zile za kabla na zile za baada. Hotuba, muziki na machozi huja nyuma ya hesabu.

Anzia hospitalini

Kabla hujamwomba mtu shilingi, nenda hospitalini uombe makadirio ya gharama kwa maandishi, kwenye karatasi yenye nembo na muhuri. Uliza ni kiasi gani lazima kilipwe kabla ya upasuaji na ni kipi kinaweza kusubiri. Mara nyingi hiyo "milioni moja" inayotajwa kwa sauti ya hofu ni mafungu mawili au matatu yenye tarehe tofauti, na fungu la kwanza ni dogo kuliko mlivyoogopa.

Uliza bima italipa nini. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na kwa matibabu ya kulazwa hutapata kitu ikiwa michango ya mgonjwa haijalipwa. Kwa asiye na mshahara, kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kama mgonjwa ana malimbikizo huko, pesa ya kwanza ya familia iende kuyafuta kabla hamjafikiria mahema na viti.

Halafu mtafuteni ofisa wa ustawi wa jamii. Hospitali za umma zinao, na kazi yao mojawapo ni kusikiliza hali ya familia na kupendekeza msamaha wa sehemu ya bili au mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wengi hawagongi mlango huo kwa sababu ya aibu. Ajabu ni kwamba watu haohao huona wepesi kuwaeleza watu mia mbili shida zao kuliko kumweleza ofisa mmoja aliyeajiriwa kuzisikiliza. Kwa karo mambo ni hayohayo: fomu ya basari ya NG-CDF, ya basari ya kaunti, na ya mkopo wa HELB kwa aliyeitwa chuo kikuu, zijazwe kwanza. Harambee ijaze pengo litakalobaki.

Mwisho, familia itoe. Mchangaji mwenye busara hujiuliza moyoni, hata asiposema: "Wao wenyewe wametoa ngapi?" Swali hilo liwe na jibu. Kama ndugu wamekusanya elfu themanini na kuuza ng'ombe mmoja, semeni hivyo waziwazi. Hakuna hotuba inayoweza kuufungua mkono wa mgeni zaidi ya kujua kwamba wenye shida wametangulia.

Kiasi kiwe na mwisho

Watu hutoa wakiona mwisho wa safari. Mwaka 1955 wanachama wa chama cha TANU kule Tanganyika walipochanga ili Julius Nyerere aende New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, walikuwa wanalipia jambo ambalo kila kuli na kila mama wa sokoni alilielewa: mtu mmoja, safari moja, nauli yake. Mwaka 2011, ukame ulipowakaba watu wa kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ilitangaza kwamba inatafuta shilingi milioni 500. Ilikuwa namba kubwa, lakini ilikuwa namba. Mwenye vishilingi vyake kwenye M-Pesa alijua anasaidia kujaza nini. Lengo lilivukwa.

Linganisha na ile sentensi yetu ya kila siku, "Chochote ulicho nacho tutashukuru." Ni sentensi ya adabu, na inamwacha mtu bila kipimo. Asiye na kipimo hutoa mia mbili, au hunyamaza akisubiri kuona wenzake wanatoa ngapi.

Sasa gawanya. Tuseme baada ya SHA, msamaha na mchango wa familia kumebaki pengo la shilingi 400,000. Wengi huchukua kiasi hicho, wanagawa kwa watu 400, na kusema kila mtu akitoa elfu moja yamekwisha. Hayaishi, kwa sababu hamna watu 400 wa kutoa elfu moja, na wale wachache wenye uwezo wa elfu ishirini mmewaambia watoe elfu moja. Fanya hivi badala yake: tafuta mtu mmoja wa 50,000, wanne wa 20,000, wanane wa 10,000, ishirini wa 5,000, thelathini wa 2,000 na thelathini wa 1,000. Jumla ni 400,000 kamili kutoka kwa watu 93. Ukizitazama hizo hesabu vizuri utaona kwamba watu 13 wa juu peke yao wanaleta 210,000, zaidi ya nusu. Hapo ndipo kazi yako ilipo katika wiki ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini chumba cha upasuaji hakisubiri kibaba kijae.

Kaa na familia mwandike majina halisi mbele ya kila kiwango. Mkikosa jina hata moja la kuweka kwenye elfu hamsini, lengo lenu ni kubwa kuliko watu wenu. Ni heri mjue mkiwa sebuleni kuliko mje mjue siku ya harambee. Andikeni pia majina mara mbili au tatu ya mnaowahitaji, maana kati ya watakaoombwa, wapo watakaokuwa na msiba wao, wapo waliofutwa kazi mwezi uliopita na hawajamwambia mtu, na wapo watakaosema "nitakucheki."

Mfuko

Kamati ndogo yatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mweka hazina asiwe mke wala mume wa mgonjwa, wala mtoto wake. Hilo ni kwa faida yao. Mtu anayelala kwenye kiti cha hospitali hawezi kujibu kila anayeuliza "imefika?", na pesa ikipungua hata shilingi mia, ni yeye atakayesemwa.

Msitumie laini ya mtu binafsi ikiwa mnatarajia kiasi kikubwa. Licha ya suala la kuaminiana, lipo la kiufundi ambalo watu hulikumbuka wamechelewa: tangu Agosti 2023 akaunti ya M-Pesa nchini Kenya haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauwezi kuzidi 250,000. Harambee ikichangamka jioni ya Jumamosi, simu ya mweka hazina inajaa na pesa za watu zinaanza kurudi zilikotoka. Wengine hawatazituma tena. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili kati ya watatu, ambayo watu wanaweza kuilipa kwa nambari ya Paybill ya benki hiyo. Au, kama hospitali inakubali, waelekezeni wachangaji wakubwa walipe moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali kwa nambari ya mgonjwa na kuwatumia nakala ya risiti. Wapo watu, hasa walioumwa na harambee za awali, ambao watatoa mara tatu zaidi wakipewa njia hiyo.

Kama hamna budi kutumia laini ya simu, semeni mapema jina litakalotokea mtumaji anapothibitisha. Kila mmoja wetu ameshapokea ujumbe wa matapeli unaosema "ile pesa tuma kwenye namba hii", na mtu akiona jina geni ataacha, na atakuwa amefanya vyema. Mkibadilisha nambari katikati ya mchango, hata kwa sababu nzuri, mmewafungulia mlango matapeli hao. Msibadilishe. Na kwa kuwa kutoa pesa kwa wakala kuna ada yake, msione haya kuandika "na ya kutoa".

Kuhusu kibali: mkichangiana ndani ya ukoo, marafiki na wafanyakazi wenzenu, ni jambo lenu. Mkitoka kwenda sokoni au stendi kuomba watu msiowajua, mnachangisha umma, na Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inadai leseni. Pitieni kwa chifu awaelekeze.

Nani amwombe nani

Hapa ndipo penye siri, kama siri ipo. Kila jina kwenye orodha yenu lina mtu mmoja ambaye hawezi kumkatalia. Mwalimu wake wa darasa la nane. Shemeji aliyemsimamia harusini. Jirani aliyelala kwao siku mama yake alipofariki. Katibu aandike mbele ya kila jina ni nani atakayemwomba, na mwombaji awe huyo, hata kama mwenyekiti ana sauti nzuri zaidi.

Wale 13 wa juu waombwe ana kwa ana au kwa simu ya kuongea. Usiwaombe kwa ujumbe. Mjomba mwenye uwezo akikuta habari za mgonjwa wa ukoo kwenye kikundi chenye watu mia mbili, ataona ameokotwa njiani pamoja na wapita njia. Atatoa kama mpita njia. Nenda kwake, msalimu ipasavyo, kunywa chai, mweleze hali bila kuikuza wala kuipamba, mwonyeshe ile karatasi ya hospitali. Kisha taja kiasi: "Mzee, tumekuja kukuomba utushike mkono kwa elfu ishirini." Halafu nyamaza. Wengi wetu tukishataja kiasi tunaona aibu, tunaongeza haraka "lakini hata elfu mbili si mbaya," na hapo tumeshajipunguzia wenyewe. Mwache yeye ndiye apunguze.

Kabla hujaenda, fungua daftari. Familia nyingi zina daftari la michango ya zamani, ya mazishi, ya harusi, ya masomo. Kama yenu haina, kaeni na wazee mkumbushane. Kwetu mtu hutoa akijua kwamba kesho na yeye ataomba, na hutazama nyuma kuona nani alikuja alipoomba yeye. Mzee uliyekwenda kuomba elfu ishirini huenda alileta mchango mlipomzika babu, na mlipoalikwa harusi ya bintiye hakuna aliyekwenda. Ukilijua hilo mapema, utaanza kwa kuomba radhi. Usipolijua, utashangaa kwa nini chai imechelewa.

Wanaobaki ndio wa ujumbe wa simu. Uwe mfupi na ujitosheleze, maana utasambazwa kwa watu wasiowajua. Mfano:

"Hamjambo. Mama yetu anahitaji upasuaji wa nyonga kabla ya tarehe 20. Hospitali imekadiria 720,000. SHA, msamaha wa hospitali na familia tumefikisha 320,000. Tunaomba mtusaidie kupata 400,000 zilizobaki. Akaunti ni ya kamati, watia sahihi ni watatu, na jina litakalotokea ni hili hapa chini. Kila Ijumaa jioni tutatuma hesabu. Aliye na swali ampigie mweka hazina. Asanteni, na Mungu awabariki."

Umeona kwamba hakuna picha. Mgonjwa ana haki ya kuamua kama ulimwengu umwone akiwa kitandani, na ugonjwa wake utajwe kwa jina au la. Muulizeni. Akikataa, tumieni picha yake akiwa mzima, amevaa vizuri, kama watu wanavyomjua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayofaa hata akikubali ile nyingine.

Kwenye kikundi cha WhatsApp kuna ile orodha ya majina inayonakiliwa na kubandikwa, kila mtu akiongeza jina lake na kiasi. Ni kitu kizuri chenye hatari mbili. Ya kwanza: watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, jina la mmoja hupotea, na aliyepotea ataamini mmeila pesa yake. Kwa hiyo orodha iandikwe na katibu peke yake. Wengine watume tu ujumbe wa uthibitisho. Ya pili: jina la kwanza ndilo linalopanga bei. Orodha ikifunguliwa na mia tano, wanaofuata watatoa mia tano, hata yule aliyekuja na elfu tatu mfukoni. Hakikisheni majina matano ya mwanzo ni ya wale mliowatembelea, na wameshatuma. Na aliyetoa hamsini aandikwe kwa adabu ileile. Asiyetaka kiasi chake kionekane aandikwe "amepokelewa", bila maswali.

Zile kadi za harambee zenye mistari ya majina bado zinafanya kazi, hasa kwa wazee, vyama vya akina mama na wafanyakazi wa kiwanda kimoja. Zipewe nambari. Mweka hazina aandike kadi nambari fulani imechukuliwa na nani, na irudi lini, hata kama imerudi tupu. Kadi isiyorudi ni pesa inayozunguka kijijini kwa jina lenu.

Siku yenyewe

Je, lazima kuwe na siku? Fikirini kwanza. Mahema, viti, spika, MC, soda na pilau vina gharama, na nimeona harambee zilizolisha watu vizuri kuliko zilivyomlipia mgonjwa. Kipimo changu: kama maandalizi yatakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mnachotarajia kupata siku hiyo, msiiandae. Changisheni kwa simu na kutembelea watu. Kwa kanisa au shule ni tofauti, kwa sababu kukutana ni sehemu ya jambo lenyewe, na mnada wa jogoo, mkungu wa ndizi au keki iliyookwa na vijana huleta kicheko pamoja na pesa. Jogoo wa elfu moja akinunuliwa elfu kumi na mbili, kisha akarudishwa auzwe tena, hakuna anayelalamika.

Mkiamua kuwa na siku, anzeni kwa wakati hata kama viti viko nusu. Hotuba ziwe mbili. Pesa zihesabiwe mezani na watu wawili, mbele ya watu, noti zikiandikwa pamoja na bahasha zilimotoka. Jumla itangazwe kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula nusu ya watu wameshakwenda.

Mgeni wa heshima, ambaye mara nyingi ni mwanasiasa, ndiye anayewapotosha wengi. Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, watu walijenga kwa mikono yao shule na zahanati ambazo serikali isingezimudu, na zile shule za harambee zilisomesha kizazi kizima. Miaka ilivyosonga, jukwaa likageuka pahali pa wanasiasa kupimana nguvu kwa bahasha, na watu wakaanza kuuliza bahasha hizo zilijazwa wapi. Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya 2003 ilimkataza ofisa kutumia cheo au ofisi yake kuchangisha. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Hata ukiyaweka hayo pembeni, mwanasiasa kwenye harambee ya mgonjwa ana gharama zake: huchelewa, akija mnamsubiri amalize siasa, na watu wa kawaida wakiona bahasha yake nene huona zao hazihitajiki. Mwalimu mkuu mstaafu anayeheshimika, anayetoa elfu tano yake na kuwapigia simu wanafunzi wake wa zamani ishirini, atawaletea zaidi.

Ahadi

Ahadi haiingii kwenye jumla. Iandikwe ukurasa wake, na tarehe. Kamati nyingi hutangaza "tumepata laki tatu na nusu" huku laki moja na nusu ikiwa ni maneno ya watu, kisha zinakwenda kuahidi hospitali kwa kutegemea maneno hayo. Aliyeahidi akumbushwe mara moja karibu na tarehe aliyoitaja mwenyewe, na mara ya pili wiki mbili baadaye, kwa upole na kwa faragha. Baada ya hapo mwacheni. Kumtaja mtu kikundini kwa ahadi ambayo hajatimiza ni kumuuza kwa shilingi elfu mbili, na familia itamhitaji siku nyingine.

Na wewe unayeombwa, kama huna, sema huna. Unaweza kuja kuosha vyombo, kukesha na mgonjwa zamu moja, kutoa gari, kupanga viti. Kamati ya kweli itayaandika hayo kwenye daftari pamoja na pesa, kwani nayo ni mchango.

Walio ng'ambo

Jamaa wa Dallas au London atasema afungue GoFundMe. Ni wazo zuri kwa marafiki zake wa huko, ila mjue mambo mawili. Mtandao huo hautoi pesa kwenye benki za Kenya wala Tanzania. Lazima mpokeaji awe na akaunti katika nchi wanazozihudumia, kwa hiyo pesa zitapita kwake kwanza ndipo azitume nyumbani. Na kila mchango hukatwa ada: kwa Marekani ni asilimia 2.9 na senti 30. Mtu wa ng'ambo awe na karatasi ileile ya hospitali, aripoti kwenye kamati ileile, na kiasi alichopata kiingie kwenye orodha ileile. Ukiwa na hesabu mbili tofauti, mchango mmoja huzaa ugomvi mmoja mkubwa.

Hesabu ya mwisho

Ndani ya siku saba baada ya kufunga, tuma hesabu kwa wote waliotoa: kilichoingia, kilichotumika kwenye maandalizi, kilicholipwa hospitalini pamoja na picha ya risiti, kilichobaki. Mistari minne yatosha. Tuma hata kama hakuna aliyeuliza. Kutouliza kwa watu wa kwetu ni heshima, na si dalili kwamba hawataki kujua.

Pesa zikizidi, amueni tangu siku ya kwanza zitakwenda wapi, dawa za baadaye au mazoezi ya viungo, na mwandike hilo kwenye ujumbe wa mwanzo. Zikipungua, semeni zimepungua kiasi gani na mnafanyaje.

Lipo jambo gumu zaidi, nalo halina budi kusemwa. Mgonjwa anaweza kufariki pesa zikiwa bado benki. Kamati isizihamishie kwenye mazishi kimyakimya, hata kama kila mtu angekubali. Siku hiyohiyo mwenyekiti awaandikie wachangaji: pesa zilizopo ni kadhaa, bili iliyobaki hospitalini ni kadhaa, tunaomba ruhusa kinachobaki kiende kwenye mazishi, na anayetaka mchango wake urudishwe amwambie mweka hazina. Kwa kawaida hakuna atakayetaka. Lakini waliulizwa, na mwaka ujao mkija kuomba karo ya watoto aliowaacha, watawasikiliza.

Kisha fungeni akaunti, fungeni kikundi, na mweke daftari mahali ambapo mtu zaidi ya mmoja anapajua. Na ukipokea mwaliko wa harambee ya mtu ambaye jina lake limo humo, mjibu siku hiyohiyo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba mwezi huu huna.